Naomba ushauri: rangi ya mafuta inafubaa sehemu za giza

Wakuu habari zenu, naombeni msaada nimekwama. Mimi nachora sura za watu, hasa wazee maana mikunjo ya uso ndo inanipa raha, na miaka yote nimetumia akriliki (rangi ya kuzimua na maji) ila inakauka haraka mno, kabla sijalainisha kivuli cha shavu imeshashika. Sasa nimehamia rangi za mafuta, tabaka la kwanza nikazimua na tapentaini, la juu nikaongeza mafuta ya linsidi kidogo. Shida ni yale maeneo ya giza, chini ya kidevu na kwenye nywele, yamefubaa kabisa yako kama mkaa wakati paji la uso linang'aa vizuri tu. Nimerudishia rangi ileile juu, wiki moja tu yakafubaa tena. Kanvasi niliipaka jeso (ile rangi nyeupe ya msingi) mara mbili, labda bado inanyonya mafuta sijui.

Je, nipake mafuta kiduchu hapo halafu nifute, au nisubiri picha ikauke miezi kadhaa nimalizie na vanishi? Na nikianza na akriliki chini kisha mafuta juu, itasaidia? Kinyume chake najua ni kosa, nishaharibu picha moja hivyo.