Nimevuliwa kanga ya mama mbele ya kichenpati nzima, eti ni ramani ya watumwa

Wakuu, mods msiuunganishe huu uzi, bado natetemeka.

Yule dada mjuaji, mnamjua, yule anayeshika kipaza sauti hata msibani, leo kanivua kanga begani. Kanga ya mama! Kaitandaza mezani juu ya sahani za pilau, kidole kwenye doa: "Hapa Bagamoyo." Doa la pili: "Hapa kisima." Eti watumwa walianika kanga madirishani kuoneshana njia ya kutorokea. Kina mama elfu moja vigelegele, wengine machozi. Lile doa la pili ni mchuzi, wakuu. Mchuzi!

Hadithi yenyewe kaiokota Marekani. Kuna kitabu cha 1999 kinadai watumwa wa kule walisomeana njia kwenye mablanketi ya viraka, na wanahistoria wa huko huko wamekikataa. Mtindo wa viraka uitwao Log Cabin, unaodaiwa ulikuwa ishara ya nyumba salama ya kujificha, unaanza kuonekana miaka ya 1860, na utumwa wao ukafutwa 1865. Yeye katoa blanketi, kaweka kanga. Mtumwa wa pwani alivaa kaniki na merikani, kanga aitoe wapi? Inakuja kushamiri Unguja, soko la watumwa lishafungwa tangu 1873!

Nikamwambia. Akanijibu kwa kipaza sauti: "Mdogo wangu, kaa chini, hujui kwenu." Nimevuliwa kanga, halafu sijui kwetu!

MchuuziIlala: Kwa hiyo tukifuata mchuzi tunatokea Bagamoyo?

BiMkora: Huyo huyo! Arusi ya binamu yangu kahutubia saa nzima, mchango hajatoa mpaka leo.

MvitaDamu: Kwanza hiyo ni leso, neno la Kireno. Nyinyi mwaita nguo kwa jina la ndege, kisha mwashangaa mkizuliwa.

MchuuziIlala: Leso zenu zinachuja. Nimefua moja, vesti zangu zote zambarau.

MvitaDamu: Wafua leso na vesti pamoja, kisha walaumu Mombasa?

BiMkora: Turudi kwenye michango. Elfu hamsini nimetoa, nikapewa mfupa.

Mleta uzi: Jamani, kanga ya mama bado anayo yeye!

MchuuziIlala: Pole. Hilo pilau lilikuwa la kuku au la ng'ombe?