Mjadala: Binti akimlalamikia kocha, nani ayapokee malalamiko yake?

Mbukwenyi wadau.

Naleta hoja moja: mchezaji anapodai kunyanyaswa, serikali iviondolee vyama, shule na vilabu mamlaka ya kujichunguza vyenyewe. Mimi nasema iviondolee kabisa. Nianze na nilichokiona.

Niliwahi kwenda na timu ya wasichana kwenye mashindano ya shule, mimi nikiwa matroni. Tulilala madarasani, madawati yamesukumwa ukutani, magodoro chini, kanga zimetundikwa madirishani maana vioo hakuna. Siku ya pili jioni nikamkuta mkimbiaji wetu wa mita 800, mtoto wa miaka 15, amechuchumaa bombani anafua soksi. Nikapita, nikarudi, bado anafua. Soksi zilikuwa zimeshatakata zamani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mwalimu amemwambia akimaliza kufua aende chumbani kwake akachuliwe paja. "Nisipoenda atanitoa kwenye timu." Alikuwa hataki soksi ziishe.

Usiku ule nilimlaza pembeni yangu. Asubuhi nikaenda kwa mkuu wa msafara, akaniambia tumalize kwanza mashindano. Yeye na kocha walikuwa wamekula posho pamoja miaka mingi. Kikosi kilipobandikwa, jina la binti halikuwemo. Mwaka uliofuata kocha alirudi na timu, binti hakurudi. Jambo hilo linaniuma hadi leo kwa sababu mimi pia niliishia hapo. Dawati la Jinsia na Watoto lilikuwepo polisi, namba 116 ya kusaidia watoto ilikuwepo, na mimi mtu mzima sikwenda wala sikupiga.

Sheria hatukosi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Makosa ya kujamiiana yamewekewa adhabu kali tangu 1998. Lakini kambini, unayemlalamikia ndiye anayegawa namba kikosini, na anayekusikiliza ni mwenzake. Msichana anapiga hesabu upesi sana: viatu, nauli, nafasi ya kuonwa na kuchukuliwa na shule nzuri, vyote viko mkononi mwa mtu mmoja.

Wala si shida ya nchi maskini tu. Marekani, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, aliwadhalilisha mabinti kwa miaka mingi akidai anawatibu. Waliosema mapema hawakusikilizwa. Januari 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175, baada ya wanawake na wasichana zaidi ya 150 kueleza mahakamani aliyowatendea. Mwezi uliofuata ikasainiwa sheria inayowalazimisha watu wazima kwenye vyama vya michezo ya Olimpiki kutoa taarifa ndani ya saa 24, na SafeSport, kituo cha kuchunguza unyanyasaji michezoni kilichofunguliwa Denver mwaka 2017, kikapewa nguvu ya kisheria. Kocha hachunguzwi tena na rafiki zake. Hapa kwetu Dodoma wizara ya michezo iko Mtumba, kwenye mji wa serikali, na TAMISEMI (ofisi ya serikali za mitaa) wanaosimamia UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na sekondari, nao wako Mtumba. Ni nauli ya daladala tu. Semeni nanyi.

*Mwalimu wa michezo, Kongwa:*
Dada yangu, pole, na mtoto yule apewe pole zaidi. Ila umetutia wote kapu moja. Nafundisha netiboli na riadha mwaka wa kumi na mbili sasa, mchana chaki, jioni kiwanjani, na hakuna shilingi ya ziada. Mpira ukipasuka nanunua mimi. Ukileta ofisi ya kuchunguza makocha, kesho mzazi ambaye mwanae hakupangwa ataandika barua. Jina langu likishatajwa, Kongwa nzima imesikia, hata nikisafishwa baadaye hakuna atakayetangaza. Walimu wataacha, na watakaokosa michezo ni hao hao wasichana. Sisi shuleni tulijipangia wenyewe: kuchua ni barazani, wenzake wanaona, mwalimu wa kike yupo. Hatukungoja serikali.

*Mshabiki wa soka, Chang'ombe:*
Na FIFA je? Februari 2022 Kenya na Zimbabwe zilifungiwa kwa sababu serikali ziliingilia vyama vya soka. Zimbabwe walitaja mpaka waamuzi wa kike kunyanyaswa kingono, na bado wakafungiwa. Mnataka Taifa Stars wakae nje?

*Mama, Ipagala:*
Binti yangu anacheza mpira. Nimesoma hiyo habari ya soksi nikamwita jikoni, nikamuuliza kama kuna mtu anamsumbua mazoezini. Amesema hakuna. Halafu hakuondoka, akabaki amesimama pale.

*Mwanzisha mada:*
Mama, usimharakishe. Kaa naye, mpe kazi ya mikono mfanye pamoja, maneno yatakuja. 116 ni bure, hata wewe mzazi unaweza kupiga kuomba ushauri.

Kaka wa Chang'ombe, Kenya waziri alikivunja chama, Zimbabwe bodi ya chama ilisimamishwa. Mimi siombi mtu aguse uongozi wa TFF, shirikisho letu la soka. Naomba jinai ichunguzwe na wanaochunguza jinai. FIFA yenyewe mwaka 2019 ilimfungia maisha rais wa soka wa Afghanistan, Keramuudin Karim, kwa kuwadhalilisha wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake. Sijasikia nchi iliyofungiwa kwa kumpeleka kocha polisi.

Kuna hoja nyingine ambayo mngeweza kunibana nayo, bora niiseme mwenyewe. Serikali nayo hukalia malalamiko. Habari za Nassar ziliwafikia FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, mwaka 2015 wakazilalia, na Aprili 2024 serikali ya Marekani ilikubali kuwalipa waathirika dola milioni 138.7. Kwa hiyo sitaki ofisi kubwa yenye kibao kizuri. Nataka afisa ustawi wa jamii asafiri na kila msafara wa watoto, posho yake isitoke kwenye fungu la timu, na kikosi kisimhusu. Malalamiko yaandikwe nakala mbili, moja abaki nayo mzazi au mlezi, ili asije mtu akasema hayakuletwa. Kocha aliyelalamikiwa akae pembeni mpaka yaishe, na jina lake lisitajwe.

Mwalimu wa Kongwa, hilo la mwisho ni lako. Hofu yako naielewa, na ndiyo maana nasisitiza mtu wa nje. Ukisafishwa na mkuu wa msafara mliyezoeana, watu watasema mmelindana. Akikusafisha mtu asiyekujua, una pa kusimamia. Kapu moja sikuwatia. Ila yule binti hakuwa na namna ya kujua kama wewe ni wa barazani au wa chumbani, na mwenye kumhakikishia hakuwepo.

Hiyo baraza yenu nimeipenda, nataka kuijua zaidi. Mkisafiri, mkalala madarasani kama sisi, usiku mnafanyaje? Zamu anapanga nani, na ufunguo unalala kwa nani?