Mrejesho: PEG yenye ncha ya thioli kung'oka kwenye dhahabu

Wakuu, nilileta swali la PEG (polietilini glikoli, polima ya minyororo mirefu) ya uzito wa 5,000 g/mol yenye thioli (kundi la salfa, -SH, linaloshika dhahabu) ncha moja: inanata kwenye dhahabu, ukisuuza sehemu kubwa inaondoka. Asanteni sana kwa majibu.

Aliyeshauri nilinganishe na PEG yenye methoksi (-OCH₃, isiyoshika dhahabu) ncha zote mbili alinisaidia mno. Baada ya kusuuza na kukausha, hiyo ilibakiza utando wa 0.3 nm, ya thioli 1.6 nm. Kumbe kinachoshikilia ni ncha, mwili wa mnyororo umejilaza tu.

Kisha nikatumia myeyusho mpya uliopitishiwa nitrojeni, thioli zisioksidike, pamoja na chumvi ya salfeti ya potasiamu (K₂SO₄) 0.6 M kwa 60 °C. Chumvi na joto hufanya maji yasiipende PEG, minyororo inajikunja midogo, ncha nyingi zaidi zinapata nafasi: utando ukafika 2.9 nm. Myeyusho ukianza ukungu mweupe, punguza chumvi kidogo, la sivyo vibonge vinatua juu ya dhahabu.

PEG ya 20,000 g/mol bado imenishinda. Utando haukuongezeka vya kutosha, kwani minyororo mirefu iliyotangulia huizibia njia ile inayofuata. Hapo kurefusha muda hadi saa 24 hakukusaidia.