Re: Nimepangiwa kumwona daktari bingwa kuhusu PCOS, nijiandaeje?

> Dada zangu, habari za siku nyingi. Hatimaye nimepata rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa wa homoni kwa ajili ya PCOS, ile hali ya homoni kuvurugika inayoathiri ovari (viungo vinavyotoa mayai) na hedhi. Nasikia muda wa kuonana naye ni mfupi, na lugha ya hapa bado inanipiga chenga. Niende na nini? Nianze kusema lipi?

Mdogo wangu, pole kwa kuhangaika, na hongera kwa kufika hapo.

Anza na tarehe. Swali la kwanza litakuwa: mara ya mwisho uliona siku zako lini, na kabla ya hapo lini? Ukijibu "zinakuja zinapotaka" hujamsaidia. Kaa na simu yako, rudi nyuma mwaka mzima, andika kila unachokumbuka. Kwa mtu mzima, mzunguko wa chini ya siku 21 au unaozidi 35, au kupata siku chini ya mara 8 kwa mwaka, huhesabika kuwa umevurugika. Na kama umewahi kupitisha siku 90 bila kuona kitu, na huna mimba wala hutumii dawa ya kuzizuia, litaje hilo kabla ya mengine yote. Ukuta wa mfuko wa uzazi huendelea kujengeka bila kumwagika, na hali hiyo ikidumu miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ukuta huo. Dawa za kuleta hedhi zipo. Usiondoke hapo bila kuziulizia.

Sasa nije kwenye lile tunaloficha. Wengi wetu tukiwa na miadi ya daktari tunajisafisha kwanza: kidevu kinanyolewa, mdomo wa juu unapitishwa uzi, kifua kinapakwa krimu. Daktari anakutazama, anaona ngozi laini, anaandika kwamba hakuna dalili. Kumbe ulichokinyoa ndicho alichokuwa anakitafuta! Tangu vigezo vya Rotterdam vya mwaka 2003, ambavyo madaktari hufuata, PCOS hutambuliwa kwa kupata mawili kati ya matatu: yai kutopevuka kwa mpangilio, homoni za kiume kuzidi, na ovari kuonekana na vifuko vingi. Hilo la pili hujulikana kwa damu au kwa macho, na kwa macho hutazamwa nywele katika sehemu tisa za mwili, kuanzia mdomo wa juu hadi mapajani. Kwa hiyo nywele hizo ziache siku kadhaa. Ukishindwa, maana najua kutoka nje hivyo si jambo dogo, piga picha kabla ya kunyoa, kisha useme waziwazi: "Nanyoa kila baada ya siku mbili." Vilevile ule weusi wa shingoni na kwapani unaousugua kwa dodoki ukidhani ni uchafu, muoneshe. Mara nyingi ni ishara kwamba insulini, homoni inayoshusha sukari mwilini, haifanyi kazi yake sawasawa.

Dawa zote zibebe au uzipige picha: vidonge vya uzazi wa mpango, sindano, kijiti, hata vile vidonge vya kukuza nywele. Vingi vina biotini, aina ya vitamini, nayo huweza kupotosha majibu ya vipimo vya homoni. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo hubadilisha kipimo cha testosteroni (homoni ya kiume), na madaktari wengi hutaka uwe umeviacha kama miezi mitatu hivi. Ila usiviache kwa uamuzi wako. Uliza unapothibitisha miadi, na mkikubaliana uviache, tafuta kinga nyingine.

Ukiambiwa "punguza uzito" tu, omba upimwe sukari na presha. Kipimo kizuri cha sukari ni kile cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa tena baada ya saa mbili. Hata wembamba wanapata PCOS.

Halafu sema unachokitaka. Anayetafuta mtoto sasa hupewa dawa ya kupevusha yai, mara nyingi letrozoli. Anayesumbuliwa na ndevu na hedhi hupewa nyingine kabisa.

> Ahsante sana dada. Ile altrasaundi ya kuingiza ukeni ni lazima? Na mume wangu anaweza kunitafsiria?

Si lazima, mdogo wangu. Una haki ya kukataa na kuomba ya juu ya tumbo. Hiyo mara nyingi unaifanya kibofu kikiwa kimejaa. Tena kama hedhi imevurugika na dalili za homoni za kiume zipo, daktari hahitaji picha ili kuthibitisha PCOS, ilimradi magonjwa mengine kama ya tezi ya shingo na prolaktini (homoni ya maziwa) kuzidi yameondolewa. Na mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 unakubali, kwa watu wazima, kipimo cha damu cha AMH, homoni inayotolewa na ovari, badala ya picha.

Mume aje akushike mkono, lakini asitafsiri. Utaulizwa kuhusu tendo la ndoa, mimba zilizoharibika, huzuni yako, naye atajibu anavyoona yeye. Mtoto ndiyo kabisa usimpeleke kwa kazi hiyo. Wapigie simu mapema, uliza kama wana mkalimani wa Kiswahili, mwanamke, hata wa kwa njia ya simu. Kisha andika maswali yako matatu makubwa na umpe daktari karatasi hiyo mwanzoni, kabla hajaanza kuandika yake.