Nawaandikiaje vijana wa tarumbeta na saksofoni wapige pamoja na kwaya?

Mwalimu_Kizota
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kwaya hapa Dodoma, pande za Kizota. Solfa na kinanda nayamudu. Sasa tumepata vijana watatu: tarumbeta ya B flati, alto saksofoni na tromboni, na wanataka wapige nasi Pasaka. Wimbo ni Do F, yaani do yake iko kwenye F ya kinanda. Niliwapa karatasi ya mistari mitano, ileile anayoitumia mpiga kinanda. Tromboni akaingia sawasawa. Tarumbeta akawa chini kwa toni nzima, saksofoni ndo usiseme. Na kusoma wanasoma, kila mmoja akipiga peke yake unafurahi. Wananiambia, "Mwalimu, tuandikie za kwetu." Za kwao zikoje? Na kwaya nayo nihamishe?

Mstaafu_wa_Brasi
Kwaya usiiguse, na tromboni muache hapohapo alipo.

Tarumbeta ya B flati ikiandikiwa C inatoa B flati ya kinanda. Alto ikiandikiwa C inatoa E flati, tena ya chini. Ndivyo zilivyoundwa. Faida anaipata mpulizaji: akitoka alto akashika saksofoni ya tena (tenor), vidole vya C iliyoandikwa ni vilevile. Hesabu anaachiwa mwandishi, yaani wewe.

Ila mtu wa solfa una bahati, maana solfa yako haibadiliki hata herufi. Unahamisha Do tu. Kinanda na tromboni Do F, flati moja. Tarumbeta Do G, shapu moja. Alto Do D, shapu mbili. Chukua *s l s m*: kwaya inaimba C D C A. Tarumbeta mwandikie D E D B. Alto mwandikie A B A F shapu. Wakipuliza, zote zinatoka C D C A.

Angalia pia unaelekea wapi kwenye mistari. Tarumbeta unampandisha toni moja. Alto unampandisha hadi nota ya sita, ukihesabu na nota unayoanzia: F, G, A, B flati, C, D. Wengi wanaona uvivu wanamshushia D ya chini. Jina la nota ni sahihi, lakini atapiga oktava nzima chini ya waimbaji.

Mwalimu_Kizota
Shikamoo mzee. Hapo nimekupata. Tuna mwingine ni Do E, kwaya inaupenda hapo kwa sababu ya gitaa.

Mstaafu_wa_Brasi
Marahaba. Do E tarumbeta anaangukia F shapu, yaani shapu sita! Alto ndiyo saba. Utawatesa bure. Shusha nusu toni, Do E flati: tarumbeta anapata F, alto anapata C tupu. Mpiga gitaa aambiwe, atafute kapo, kile kibano cha kubana nyuzi.

Mlutheri_Mpwapwa
Samahani mzee, sisi tuliofundishwa matarumbeta ya kanisani tunasoma kitabu cha nyimbo moja kwa moja na tarumbeta zetu ni B flati hizohizo. Ukipuliza bila kubonyeza kitu, nota hiyo tunaiita B flati, hatuiiti C. Ni mtindo wa Ujerumani, Johannes Kuhlo (1856–1941) ndiye aliyeueneza sana. Kwa hiyo Mwalimu, kila akija mpulizaji mpya muulize kwanza alisomea wapi.

Mstaafu_wa_Brasi
Kweli kabisa. Ila huyu wa Kizota amesoma kama mimi, ndiyo maana akawa chini toni moja.

Kijana_wa_Nkuhungu
Mwalimu, kama una kompyuta weka MuseScore, programu ya kuandikia nota, ni bure. Chagua chombo kwa jina lake kamili, alto usimweke kama tena. Kuna kitufe cha kuonyesha nota kama zinavyosikika kwenye kinanda: kiwashe ukiandika, kizime kabla ya kuprinti. Ukisahau kukizima, mtarudi kulekule.

Mwalimu_Kizota
Asanteni wote. Sauti ya pili nimpe alto?

Mstaafu_wa_Brasi
Mpe. Tarumbeta apige sauti ya kwanza, tromboni besi. Na wapulize kidogo vyombo vipate moto ndipo mlinganishe na kinanda, chombo cha baridi kinakaa chini.