Siku saba za gofu kutoka Lubumbashi: Copperbelt ya Zambia peke yake, ao tufike mpaka Livingstone?

Mikwaju_Lshi
Jambo ba ndugu. Tuko wanne, handikapu (mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji) kati ya 9 na 24, tunaondoka Lubumbashi kwa gari mwanzo wa mwezi wa 7. Mmoja anatoka Kinshasa, tutaungana naye hapa. Tunatafuta viwanja visivyofanana, na ikiwezekana kile cha Victoria Falls chenye wanyama. Je, Chingola, Kitwe, Ndola, Luanshya na Livingstone vinaingia katika safari moja ya siku saba? Na mpaka wa Kasumbalesa unakuwaje ukiwa na mifuko ya fimbo?

Yaya_Kampemba
Livingstone toa. Kutoka Ndola hadi Lusaka ni kama km 320, na kutoka Lusaka hadi Livingstone karibu km 475. Kwenda na kurudi kutakula siku mbili na zaidi, na atakayeshika usukani hatacheza vizuri. Halafu kile chenye wanyama, Elephant Hills kilichochorwa na Gary Player, kiko ng'ambo, upande wa Zimbabwe. Huo ni mpaka wa pili na karatasi za pili. Kiwekeeni safari yake, ya ndege.

Copperbelt ndiyo inafaa gari. Kampuni za migodi zilijenga viwanja karibu na kila mji wa shaba, kwa hiyo vimekaribiana sana. Kasumbalesa iko km 95 hivi kutoka kwetu. Toka hapo, Chingola ni km 40 hivi, Kitwe 50 nyingine, Ndola 60, na Luanshya 35 kutoka Ndola.

Siku ya kwanza vukeni tu, mlale Chingola, msiweke raundi hata kama mmefika mapema. Siku ya pili Nchanga, uwanja wa Chingola, asubuhi, halafu mteremke Kitwe. Siku ya tatu Nkana, uwanja wa Kitwe: ndicho cha kupewa asubuhi nzuri kuliko vyote, kimepokea hata Zambia Open ya Sunshine Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa kusini mwa Afrika. Siku ya nne Mufulira, kwenda na kurudi Kitwe. Miguu ikichoka, hiki ndicho cha kuacha. Siku ya tano Ndola, ya sita Roan Antelope kule Luanshya mkiendelea kulala Ndola. Ya saba ni barabara tu. Ramani itawaonyesha kwamba kutoka Mufulira mnaweza kurudi kupitia mpaka wa Mokambo. Msidanganyike, kwa gari dogo lenye mizigo hamtaokoa muda.

Fimbo14
Kabla ya kufunga tarehe angalieni kalenda. Tarehe 30 mwezi wa 6 ni sikukuu yetu, na Zambia wana Jumatatu na Jumanne ya kwanza ya mwezi wa 7, Heroes' Day na Unity Day. Siku hizo wanachama wanajaza viwanja na mpaka unajaa pia. Ningesogeza safari wiki moja mbele. Jumamosi nayo mara nyingi ni ya mashindano ya wanachama, na klabu nyingi zinatengeneza uwanja Jumatatu. Vukeni Jumapili mapema ili mcheze Jumatatu hadi Ijumaa, lakini Nchanga ya Jumatatu iulizieni kwa simu kwanza. Wakikataa, badilisheni: Jumatatu iwe ya kuhamia Kitwe, na Nchanga ichukue siku ya Mufulira.

Kasumbalesa: foleni ya malori ya shaba inaweza kufika kilomita kadhaa, lakini gari dogo halipangi nyuma yake. Kinachochelewesha ni karatasi za gari. Muwe na karte roze, ile karatasi ya kuandikishwa kwa gari. Kama gari si la mmoja wenu, barua ya mwenyewe ya kuruhusu kuvuka. Na bima ya kadi ya manjano ya COMESA inayotaja Zambia. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo ni lazima, kwa hiyo kila mtu ajue anayoulizwa ni manjano ipi. Upande wa Zambia gari linapewa kibali cha kuingia kwa muda. Soma tarehe yake ya mwisho kabla ya kuondoka dirishani. Viza ulizeni konsula ya Zambia hapa mjini, hasa kwa yule wa Kinshasa.

Fimbo: andikeni orodha ya kila mfuko, aina ya fimbo na namba yake kama ipo, na muionyeshe DGDA, forodha yetu, wakati wa kutoka ili wakati wa kurudi zisihesabiwe kuwa mali mpya. Mipira itoeni kwenye maboksi. Dazeni sita zilizofungwa zinaonekana kama biashara.

Zambia wanaendesha upande wa kushoto. Kama usukani wenu uko kushoto, dereva haoni mbele ya lori, basi anayekaa mbele kulia ndiye anasema kama njia ni nyeupe. Mifuko minne na masanduku manne haviingii ndani ya gari la kawaida. Chukueni pikapu ya kabini mbili yenye turubai, na fimbo ndefu mzifunike vichwa.

Mikwaju_Lshi
Aksanti sana wakubwa. Livingstone imetoka. Uwanja wenyewe mwezi wa 7 uko namna gani? Na tuanze saa ngapi?

Grini_Kavu
Ni kiangazi, kwa hiyo ardhi ni ngumu na mpira unakimbia sana. Weji ya mchanga (fimbo ya kutoa mpira mchangani) yenye baunsi kubwa, yaani kitako kilichoinama nyuzi 12 ao 14, inadunda juu ya ardhi na kupiga tumbo la mpira, halafu mpira unavuka grini, pale penye majani mafupi na shimo. Mbele ya grini tumieni ayoni 8, uanguke mapema, ukimbie. Kama mna weji ya baunsi 6 hadi 8, hiyo ndiyo ya kubeba.

Ninyi wa Lubumbashi hamna hesabu ya kubadilisha, kimo ni karibu kilekile, mita 1,200 hadi 1,300. Wa Kinshasa anapanda kama mita 900, na mpira wake utaongeza 3 hadi 4 kwa mia: pigo la mita 150 linakuwa kama 155. Asubuhi ya baridi inamnyang'anya sehemu ya faida hiyo, basi asibadilishe fimbo kabla ya jua kupanda. Saa yake nayo aisogeze lisaa limoja mbele. Lubumbashi na Zambia zina saa ileile, Kinshasa iko nyuma.

Jua linatoka karibu 6h30 na kuzama kabla ya 18h00. Watu wanne wanahitaji saa nne na nusu. Anzeni 8h00, umande ukiwa umepungua. Baada ya 13h00 msianze mashimo 18.

Vichuguu: kwa kanuni kichuguu ni kitu kisichoshikamana, unaweza kukiondoa. Kile kigumu kama saruji hakiondoki, na hapo inategemea kanuni ya mahali ya klabu. Kama kamati inakihesabu kama ardhi inayotengenezwa, unaangusha mpira bure ndani ya urefu wa fimbo moja. Kama haikihesabu, ni mpira usiochezeka na mkwaju mmoja wa adhabu. Someni nyuma ya kadi ya alama kabla ya shimo la kwanza. Mpira ukipotea kichakani mnautafuta dakika tatu tu.

Yaya_Kampemba
Naongeza: bebeni barua ya handikapu kutoka klabu yenu, na kila uwanja mpige hesabu upya. Indeksi (handikapu iliyo kwenye barua) mara slopu (namba ya ugumu wa uwanja kwa mchezaji wa kawaida), gawa kwa 113, halafu ongeza kadirio la uwanja (mikwaju ya mchezaji bora) ukitoa par (mikwaju iliyowekewa uwanja). Mfano: indeksi 18, slopu 125, kadirio 71.5, par 72, unapata 19. Wa 24 ndiye atakayebadilika zaidi, kwa hiyo kama mnacheza kwa dau, afanye hesabu hiyo kabla ya kuweka pesa.

Kedi, mbeba fimbo, mpatane naye bei kabla ya kuanza, mlipe kwacha, noti ndogo. Vituo vya kulipia barabara navyo vinataka kwacha. Kwenye grini msikilizeni kedi: majani yakionekana yanang'aa, mpira unafuata ulalo wake na kukimbia, yakionekana meusi, unapanda dhidi yake, ongeza nguvu. Shati liwe na kola, na viatu vyenye meno ya chuma mviache nyumbani.