Krismasi kuanza Oktoba: msongamano unapungua au unarefushwa tu?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Juzi niliingia dukani kutafuta balbu nikakuta rafu ya balbu imehamishwa. Mahali pake pamesimama mti wa plastiki, umeshavishwa nyota na vitaa vya kuwaka na kuzima, na chini yake maboksi matupu yaliyofungwa karatasi za zawadi. Ilikuwa wiki ya pili ya Oktoba. Muuzaji aliponiona nimeduwaa akasema, "Tunaanza mapema ili mwishoni watu wasibanane."

Jibu hilo ndilo nalileta jamvini. Mimi nalipinga.

Niwe mkweli, hoja yenyewe ni kongwe, na ilizaliwa na nia njema. Mwanzoni mwa karne ya 20 maduka makubwa ya Marekani yalikuwa wazi mpaka usiku mwingi katika wiki za mwisho kabla ya Krismasi. Wasichana wa kaunta na watoto wa kupeleka mizigo ndio walioumia. Florence Kelley, aliyeanza kuiongoza National Consumers League, chama cha kitaifa cha wanunuzi, mwaka 1899, alikuwa miongoni mwa waliowahimiza wanunuzi wawahi ili hao watu wapumzike. Maana yake "nunua mapema" ilikuwa kauli ya watetezi wa wafanyakazi. Wenye maduka waliidandia, na walipoipata hawakuirudisha.

Tazameni 1939. Mwaka huo Alhamisi ya mwisho ya Novemba, siku ya Thanksgiving (sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani), iliangukia tarehe 30, na kwa mazoea manunuzi ya Krismasi huanza sikukuu hiyo ikishapita. Wafanyabiashara wakalalamika kwamba msimu utakuwa mfupi. Rais Roosevelt akaisogeza hadi tarehe 23. Majimbo mengine yakamfuata, mengine yakagoma, nchi moja ikawa na sikukuu moja kwa tarehe mbili. Bunge lao liliingilia kati mwaka 1941 na kuifunga kwa sheria: Alhamisi ya nne ya Novemba. Vurugu yote hiyo kwa ajili ya wiki moja ya mauzo.

Je, watu waliacha kubanana? Katika miaka ya 1950 na 1960 polisi wa Philadelphia ndio walioiita siku inayofuata sikukuu hiyo "Black Friday", yaani Ijumaa Nyeusi, kwa kuchoshwa na magari na umati. Halikuwa jina la sifa. Na tarehe 28 Novemba 2008, karibu na jiji la New York, wateja waliokesha nje ya duka walivunja mlango alfajiri wakamkanyaga mfanyakazi mpaka akafa. Karibu mwezi mzima kabla ya Krismasi! Huko ndiko kuanza mapema kulikotufikisha: badala ya kilele kimoja cha msongamano tuna viwili.

Ninavyoona mimi, umati hauletwi na uchache wa siku. Unaletwa na ofa yenye bidhaa chache na muda mfupi, na unaletwa na mshahara, ambao haujali mti umewekwa lini. Karibuni mnipinge.

Mdunduliza

Mkuu, umeongea kama mtu ambaye pesa yake huja yote kwa pamoja. Yangu huja kwa matone. Oktoba nanunua kiatu cha mmoja, Novemba gauni la mwingine, nafunga kwenye mfuko mweusi naweka juu ya kabati nyuma ya begi la safari. Wakiuliza nasema ni nyaraka. (Mwaka jana mdogo alipanda kiti akazikuta "nyaraka" zina kisigino.) Vitu visipotolewa mapema, mimi nitasukumwa kwenye wiki ile ya mwisho, tena wakati saizi za watoto zimekwisha na zimebaki za majitu. Nyie mnaochukia kuona nyota Oktoba, geuzeni macho.

Mwanakwaya

Kwangu shida si foleni, ni kalenda. Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, kwa hiyo kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Ni majira ya kungoja. Krismasi yenyewe inaanza tarehe 25 na kuendelea hadi Januari. Madukani wameigeuza juu chini: shangwe ya wiki kumi, halafu tarehe 26 mti uko kwenye takataka na sisi kanisani ndio kwanza tumepasha sauti.

Mpitanjia

@Mwanakwaya, Ufilipino wanaanza Septemba, na bado wanaamka alfajiri kwenda misa siku tisa mfululizo, tarehe 16 hadi 24 Desemba. Mapambo hayajawaibia kungoja kwao.

Keshia Mstaafu

Nimekaa kaunta miaka sita, ngoja niwaambie kinachotokea. Msimu unaanza Oktoba, lakini vibarua wa msimu wanaletwa Desemba. Hapo katikati ni sisi walewale. Nyimbo ni kumi na mbili zinazozunguka. Nilifika mahali najua ikianza ya kengele nimebakiza saa mbili kutoka. Mteja anaisikia dakika ishirini akatabasamu. Mimi naisikia nikilala.

Na tarehe 24 haibadiliki. Dakika kumi kabla ya kufunga anakuja baba na mdoli, anataka betri, betri zimekwisha, ananitazama kana kwamba nimezila. Niligundua wengi wa siku hiyo ni walewale walionunua Novemba. Wamerudi kwa sababu wamemsahau mtu mmoja, au kile cha Novemba kimeshaonekana, au kimeshavaliwa.

Mleta mada

@Mdunduliza, hapo kwenye kudunduliza umenishinda, nakubali. Vitu viwepo rafuni mapema, sina neno. Ninachokipinga ni yale mengine: muziki, mabango ya "zimebaki siku kadhaa", ofa za saa mbili ambazo kazi yake ni kukutia kiwewe. Kiatu cha mtoto kinaweza kuuzwa Oktoba bila kupigiwa kengele.

@Keshia Mstaafu, dada yangu, hapo kwenye vibarua umegusa kitu ambacho mimi sikukiwaza kabisa. Swali: wangeletwa Oktoba, foleni ya tarehe 24 ingepungua?

Keshia Mstaafu

Isingepungua hata kidogo, kaka. Lakini ningekuwa na mtu wa kunishikia kaunta niende msalani.